Albamu ya fundi wa madaraja na birika langu la chai

Kama unayo albamu ya zamani nyumbani na mkono unakuwasha kubandua picha zake, ngoja kwanza. Mimi nilibandua picha 31 kwa mvuke wa birika, Jumapili moja mchana, jikoni kwangu Tudor, redio inalia taarab na moyo wangu umejaa nia njema. Ilikuwa kazi ya saa tatu. Kuyarudisha niliyoyavuruga kumenichukua miaka miwili, na bado haijaisha.

Albamu ni ya baba yake nyanya, upande wa mama. Alikuwa fundi wa madaraja katika reli ya Uganda, ile iliyoanza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwisho wa 1901. Sisi tulikua tukijua mambo mawili tu juu yake: kwamba alikuwa fundi wa reli, na kwamba alikuwa Mbulushi, mtu wa asili ya Baluchistan. Nyanya aliiweka albamu ndani ya kasha, juu darini, nyumba ya Kibokoni, chini ya kanga zake za arusi. Kurasa 22 za kadi ngumu ya rangi ya udongo, picha 57. Nguzo zinazochomoza majini, mafundi wamekaa juu ya mihimili miguu inaning'inia, halafu ghafla mtoto amesimama kwenye zulia la studio, halafu daraja tena. Chini ya kila picha, mstari mmoja wa penseli kwa herufi za Kiarabu.

Masika ya 2018 dari ilivuja. Khalati, dada yake mama, ndiye aliyekuwa amebaki akiishi pale, akanipigia simu: "Mwanangu, kasha limeingia maji. Njoo utwae vitu vya nyanyako kabla havijaoza." Nikaenda mbio. Albamu ilikuwa imelowa pembe moja, kurasa tano hivi. Nikaipandisha kwenye paa, nikaifungua kama kitabu na kuianika juani kama mtu anavyoanika papa.

Jua la Mombasa halina huruma na karatasi. Picha nyingi za wakati ule zilichapwa juu ya karatasi nyembamba sana iliyopakwa ute wa yai, kisha zikagandishwa kwenye kadi kwa sababu zenyewe hujikunja. Ukiianika, ule ute hukauka na kujikaza kabla ya kadi, na picha hupasuka mistari midogo midogo kama uso wa chungu cha kale. Picha nne zimebaki hivyo mpaka leo. Ningeiweka kivulini, feni inapuliza pembeni wala si juu yake moja kwa moja, na karatasi nyeupe za tishu zisizo na maandishi katikati ya kurasa, nikizibadilisha kila zikinywa maji. Kurasa zilizoshikana nisingezivuta. Hayo niliambiwa baadaye, na aliyeniambia alikuwa akiitazama albamu huku akitikisa kichwa.

Ilipokauka nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga kwa fundo, nikausukuma uvunguni. Nilidhani naikinga na unyevu. Kumbe nimeufungia unyevu ndani pamoja nayo, na hewa yetu hii ya bahari inayofanya chumvi kuloa hata kwenye kopo, kuvu likapata nyumba.

Sasa lile linaloniuma zaidi. Kila nilipokwenda Kibokoni khalati aliniuliza, "Ile albamu ushaifungua? Niletee nikuonyeshe nani ni nani, macho yangu yangaliko." Nami nikimjibu, wiki ijayo inshallah. Kutoka Tudor mpaka Kibokoni ni matatu moja na kutembea kidogo. Miaka miwili nilisema wiki ijayo. Khalati alifariki 2020, na yeye ndiye wa mwisho aliyewahi kukaa na nyanya akifunuliwa zile kurasa moja moja. Basi kama una mzee anayejua, usingoje kununua mashine wala kupata nafasi ya kukaa vizuri. Washa simu irekodi sauti, weka albamu mapajani mwake, na kila mkifungua ukurasa utaje wewe mwenyewe kwa sauti, "ukurasa wa saba, picha ya juu kushoto," ili ukisikiliza baadaye ujue alikuwa akinyooshea kidole ipi. Usimkatize akienda pembeni. Huko pembeni ndiko kuliko na majina.

Baada ya matanga, binamu zangu wakasema tutengeneze kitabu cha ukoo. Mimi ndiye mwalimu mstaafu, kwa hiyo kazi ikaniangukia. Nikaona kurasa zinanuka kuvu na picha zitachukuliwa vizuri zaidi zikiwa peke yake, na ndipo birika likatiwa maji. Gundi ya wanga hulainika upesi kwa mvuke. Picha zilitoka moja baada ya nyingine, nikawa nazipanga mezani kwa ukubwa: kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, zile za duara za kamera za mwanzo za Kodak mahali pake. Tatu zilichanika, nikazitia selotepu kwa nyuma. Nilijiona fundi kweli. Mpaka nilipoichukua albamu tupu, nikaona mistari 31 ya penseli haina picha, na mezani picha 31 hazina maneno.

Nilikaa kitako sakafuni. Chai yenyewe sikunywa.

Ningefanya nini? Dakika ishirini tu za simu. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila ukurasa mzima kama ulivyo, pamoja na maandishi na pembe zake, karibu na dirisha, bila taa ya kamera. Ukurasa mtupu nao upige. Hata kama hutafanya lolote zaidi ya hapo, mpangilio umeuokoa. Aliyeitengeneza albamu alichagua picha gani ifuate ipi. Nilipozipanga kwa ukubwa nilikuwa nimefuta alichokusudia kusema.

Kwa aibu sikumwambia mtu. Nikajaribu kuyasoma yale maneno mwenyewe. Chuoni nilisoma, kile cha Kurani, herufi nazijua, na nikaona kuna P, ile be yenye nukta tatu chini ambayo wazee wetu waliitumia kuandikia Kiswahili. Nikaamua ni Kiswahili cha kale. Neno moja lilirudi karibu kila ukurasa: pul. Nikawatangazia binamu zangu kwamba babu alikuwa na rafiki wa Kizungu aitwaye Paul, labda injinia. Tukamtafuta Bwana Paul kwenye kila picha. Mmoja mwenye kofia pana tukamkubali kuwa ndiye. Na mwisho wa mistari kulikuwa na nambari, 1314, 1316, 1318. Nikasema hizo ni nambari za picha, nikashangaa zile nyingine 1,300 zimekwenda wapi.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la mdomo. Kati ya picha nzuri kuliko zote ni daraja refu la kwenda juu, linakatiza bonde la msitu. Nami nikasema: Tsavo. Nani asiyetaka babu yake awe wa Tsavo? Kila mtu anazijua habari zake: J. H. Patterson alifika Machi 1898 kujenga daraja la mto, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni wakawa wanawachomoa wafanyakazi mahemani usiku, kazi ikasimama, simba wakauawa Desemba, daraja likamalizika Februari 1899. Hao simba wenyewe wamekaushwa, wako Chicago kwenye jumba la makumbusho la Field. Kila anayekuja kutazama albamu huuliza simba kwanza. Nami nilijibu kana kwamba niliwasikia wakinguruma.

Neno likasambaa, akaja mnunuzi. Hakutaka albamu, alitaka "zile mbili za Tsavo", akatoa shilingi elfu 40 taslimu. Binamu yangu mmoja alikuwa na karo ya mtoto chuo kikuu, mimi nilikuwa na albamu iliyochanika na dhamira mbaya. Tukauza. Sikuandikiana naye karatasi, sikuzichukua picha hizo kwa mashine kwanza, nilizipiga kwa simu tu mkono ukitetemeka. Miezi baadaye, nikiwa nazipanga zilizobaki, nikagundua kwamba daraja lile lilipigwa vipande viwili vya kuunganisha, kushoto na kulia. Mnunuzi alichukua nusu ya kushoto na picha nyingine. Nusu ya kulia ninayo mimi. Ukiamua kuuza, na sikulaumu maana shida zipo, usiuze picha moja moja, na usiuze kabla hujajua unachouza.

Aliyenifungua macho ni mstaafu mmoja wa reli, jirani ya shemeji yangu huko Changamwe. Nilimpelekea ile nusu nikijigamba bado. Akaivua miwani, akaisogeza picha puani.

"Mama, hili si Tsavo."

"Vipi si Tsavo, mzee?"

"Tsavo nguzo ni za mawe, zimekaa mtoni kama meno ya mzee, fupi na nene. Hili lina miguu ya chuma kama buibui. Haya ni ya kule Mau, yaliyoletwa kwa vipande kutoka Marekani."

Nilipanda basi la Nairobi, nikashuka Tsavo, nikaenda kulitazama daraja la reli kwa macho yangu. Mawe. Nikasimama pale na nusu picha yangu ndani ya bahasha. Watu wakipita walidhani nimepotea, nao hawakukosea sana.

Kutoka hapo niliacha kukisia. Imamu wa msikiti mmoja alinielekeza kwa mzee aliyekuwa na duka la vyuma karibu na Mwembe Tayari, Mpunjabi aliyezaliwa hapa, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Niliingia na sahani ya mahamri na albamu. Alifungua ukurasa wa kwanza akacheka.

"Beti, binti yangu, hiki si Kiswahili. Ni Kiurdu. Na pul si mtu. Pul ni daraja."

Rafiki yetu Bwana Paul alifia pale dukani.

Zile nambari nazo zilikuwa miaka ya hijria, kalenda ya Kiislamu. 1314 ilianzia Juni 1896. Chini yake palikuwa na neno Makupa, na picha yake kumbe ni lile daraja la muda la mbao lililovusha reli kutoka kisiwani kwenda bara kabla halijajengwa la chuma lililoitwa Salisbury. Tarakimu ya 4 ya Kiurdu haifanani kabisa na ile ya chuoni kwetu, nayo ilikuwa imenitatiza. Mwaka 1316 unaanzia Mei 1898 hadi Mei 1899, ndani yake wameingia simba na daraja la Tsavo. Na ile picha yangu ya fahari? Mstari wake unasema 1318, yaani kati ya Mei 1900 na Aprili 1901, wakati ambapo Tsavo palikuwa pamekwisha zaidi ya mwaka na kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company, ilikuwa ikisimamisha madaraja marefu 27 ya chuma kwenye milima ya Mau. Jawabu lilikuwa limeandikwa chini ya picha miaka mia na ushei. Nilikuwa nimelibandua. Wewe ukikutana na nambari kama hizi, chukua jedwali la kubadilisha hijria kuwa miladia, na kumbuka mwaka mmoja wa hijria hugawanyika kwenye miaka miwili ya kizungu. Usiandike mmoja kwa uhakika.

Tsavo alifika kweli, mistari miwili inasema hivyo. Simba hakuwataja hata mara moja. Alichokitaja ni majina ya watu. Picha za wakubwa wa reli ninazoziona zimeandikwa jina la injinia, na nyuma yake kundi la "makuli". Babu aliandika wale wa nyuma: huyu seremala, huyu mwashi, huyu mhunzi, wa kijiji fulani. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kandarasi, kama 2,500 walikufa, na karibu 6,700 walibaki Afrika Mashariki. Nilikuwa nimezisoma hesabu hizo zamani nikapita. Mzee aliponisomea jina la tatu, na kando yake neno "marhum", sauti yake ilibadilika, na mimi nikajifanya naangalia barabarani.

Kwenye jalada kwa ndani ameandika kwao: Sialkot, Punjab. Si Mbulushi basi. Mjomba wangu alikasirika hasa. "Miaka yote tumekuwa Wabulushi," akasema, "leo kwa ajili ya penseli tuwe Wapunjabi?" Hajaniamkua Idi mbili. Nalo hilo ulitegemee: kasha la zamani likifunguliwa, hutoka na mambo ambayo aliyeyaficha alikuwa na sababu zake.

Kuzirudisha picha mahali pake ndiyo kazi niliyoipenda, ingawa iliniumiza mgongo. Ukurasa uliofunikwa na picha kwa karne nzima huwa mweupe zaidi pale picha ilipokaa, basi nikapima kila kivuli kwa rula na kukilinganisha na picha. Hapo nikapata kumi na mbili. Halafu kovu la gundi: nyuma ya picha na juu ya kadi hubaki ramani ile ile, kama kidole na alama yake. Saba zaidi. Zilizobaki ziliniokolea wadudu. Wale wadogo wenye rangi ya fedha hula juu juu kwa sababu ya wanga, lakini kuna wengine hutoboa moja kwa moja, kurasa tatu nne kwa tundu moja. Nikaziweka kurasa dirishani, picha juu yake, nikazisogeza taratibu mpaka mwanga ukapita. Tundu likikubaliana na tundu, hapo ndipo pake. Saba nyingine zikarudi hivyo, wakati mwingine usiku sana nikiwa na tochi ya simu, mume wangu akiniambia lala.

Selotepu ilikuwa imeshageuka manjano na kutoa ute unaonata. Sijaitoa. Mtaalamu wa kuhifadhi karatasi aliniambia ukiing'oa utang'oa na picha, afadhali ingoje mwenye dawa na mkono wa kazi hiyo. Picha moja niliipeleka duka la picha mjini, wakanishawishi waipige lamineti "isiharibike tena". Hiyo imekwisha, imezikwa hai ndani ya plastiki, na joto lile limeipaka rangi ya kahawia. Usikubali lamineti hata ya bure.

Kwa gharama, nilinunua boksi na karatasi zisizo na asidi, zikaletwa kutoka nje pamoja na ushuru, nikatumia shilingi 11,500. Mashine ya kuskani nilikodi kwa kijana mmoja wa Ganjoni, 4,000 kwa siku mbili, nukta 600 kwa inchi, faili za TIFF, na nakala tatu katika nyumba tatu tofauti. Nauli za Nairobi na Tsavo sikuziandika, mume wangu asije akaziona. Ukikosa hizo karatasi maalumu, chukua karatasi nyeupe safi ya pamba na boksi la kadi lisilo na maandishi, bado ni bora kuliko plastiki laini. Andika nyuma kwa penseli ya risasi laini, pembeni, juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino hupenya. Boksi lilale, lisisimame. Lisikae darini, wala sakafuni, wala kwenye ukuta unaopigwa na mvua ya kusi. La kwangu liko ndani ya kabati ya chumba cha kulala, rafu ya kati, na kila mwezi nalifungua lipate hewa.

Ofisi za umma pia nimezungukia. Pale Makumbusho ya Reli, Nairobi, nilikaa na picha za zamani nikilinganisha nguzo na nguzo, na hilo lilinisaidia. Kwingine niliacha kurasa mbili "kwa wiki mbili" na nikazifuata miezi mitano, bila karatasi yoyote mkononi ya kuonyesha ni zangu. Zilirudi. Lakini usiache kitu bila stakabadhi yenye idadi, tarehe na jina la aliyepokea, hata kama aliyepokea ni mtoto wa jirani yako.

Picha 26 zimerudi mahali pake, kwa vipembe vya karatasi, bila gundi. Tano hazikukubali kivuli, wala kovu, wala tundu. Zote tano ni za mwanamume mmoja mmoja, amesimama, amekaza shingo mbele ya kamera, kilemba kimefungwa upya. Mistari mitano nayo imebaki. Mzee wa Mwembe Tayari alinitafsiria yote, nami nimeiandika kwenye kipande cha karatasi ndani ya bahasha ile ile: mmoja ni mpishi wa kambi, mmoja anadaiwa rupia mbili, mmoja alirudi kwao, mmoja aliimba vizuri. Wa tano ameandikwa: huyu ndiye aliyeingia mtoni kunitoa.